Mashine inaandika Kihispania: kijana darasani anabakia na kazi gani?

Jamaa nyingi za Uvira, Fizi, Bukavu na Goma ziko na mtu wao Marekani siku hizi. Katika mwaka wa bajeti uliomalizika Septemba 2024, Kongo ndiyo ilitoa wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote kati ya wale waliopokelewa kule: karibu watu 20,000. Wengi walikaa miaka mingi Nyarugusu, Nakivale ao Kakuma kabla ya kupanda ndege. Mtoto wa miaka 15 akifika, anaingizwa shule ya sekondari, na kwenye ratiba yake, pembeni ya hesabu na Kiingereza ambacho hakijamkaa bado kinywani, mara nyingi anakuta somo lingine ambalo hakulitazamia: Kihispania.

Kwenye simu, wazazi na wajomba wanashangaa. Huyu mtoto anaongea Kiswahili, Kibembe ya nyumbani, Kifaransa ya darasani kidogo, Kiingereza anakitafuta bado. Sasa wanamuongezea Kihispania ya nini?

Jibu la kwanza ni la makaratasi. Vyuo vikuu vingi vya kule vinadai mwanafunzi awe amesoma lugha ya kigeni katika sekondari. Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, kinataka angalau miaka miwili. Na katika shule nyingi lugha inayopatikana kwa urahisi ni Kihispania. Watu zaidi ya milioni 40 wanakiongea nyumbani mwao Marekani, na hesabu iliyofanywa kwa mwaka wa masomo 2014-2015 ilikuta wanafunzi zaidi ya milioni 7 wanakisoma, kuanzia watoto wadogo mpaka sekondari. Hakuna lugha nyingine ya kigeni yenye kukikaribia.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na njo lenye kusumbua walimu wenyewe. Kijana akishakaa darasani, atasoma nini na kuandika nini katika lugha ambayo hakuichagua, wakati simu iliyo mfukoni inaweza kumuandikia ukurasa mzima kwa sekunde chache?

Tablo imejaa, kaye imejaa

Kwa muda mrefu somo la Kihispania Marekani lilifanana sana na somo la Kifaransa ao la Kiingereza kwenye shule za Kongo. Mwalimu anaandika kitenzi kwenye tablo, wanafunzi wanakopia kwenye kaye: hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan. Siku ya intero wanajaza mapengo, wanapata pointi, wanasonga mbele. (Hilo «habláis» lenyewe watu wa Mexico hawalitumii katika maongezi yao, ni la Uhispania. Lakini liko kwenye kitabu, kwa hiyo linakaririwa.) Baada ya miaka miwili kijana anaweza kuimba kitenzi kwa wakati uliopita na wakati ujao. Umpe barua fupi ya mtoto wa Mexico, hafiki mwisho. Umwambie aijibu, anaandika mistari mitatu na kuweka biki chini.

Si uvivu tu. Kusoma kuna hesabu yake. Mwaka 2000, watafiti Hu na Paul Nation walionyesha kwamba ili mtu asome hadithi ya lugha ya kigeni peke yake na kuielewa sawasawa, anahitaji kuwa anajua karibu maneno 98 kati ya kila 100. Kwa ukurasa wa maneno 300, maneno asiyoyajua yasipite 6. Kitabu cha kawaida cha Kihispania kinaweza kumpa mwanafunzi wa mwaka wa pili maneno mageni sita ndani ya mistari miwili. Mara ya kwanza anafungua kamusi, mara ya pili anafungua tena, mara ya tatu anachungulia dirisha. Mwalimu anasema huyu hapendi kusoma, na mtoto mwenyewe naye anaanza kuamini vile.

Stephen Krashen, profesa wa Chuo Kikuu cha Southern California, tangu mwanzo wa miaka ya 1980 alishikilia kwamba lugha inaingia kwa njia ya ujumbe unaoeleweka, haiingii kwa njia ya kanuni zinazokaririwa. Wataalamu wengi hawakubaliani naye kwa yote. Wanaona alipunguza mno kazi ya kuandika, ya kuongea na ya kusahihishwa, na hapo wana sababu. Lakini walimu wa kawaida walishika ile sehemu ya kwanza, juu waliiona kila siku mbele yao. Kabla yake, katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia James Asher alikuwa amefundisha lugha kwa amri za mwili: simama, kaa, funga mlango. Kuelekea mwaka 1990, mwalimu wa Kihispania wa California aitwaye Blaine Ray aliona kwamba vijana wanachoka haraka kuamriwa simama-kaa. Akaongeza kitu ambacho bibi yeyote wa Kongo angemshauri bila kulipwa: hadithi.

Punda wa bluu

Mtindo huo uko hivi. Mwalimu anaandika maneno matatu tu kwenye tablo: «tiene», yaani yuko na; «quiere», yaani anataka; «va a», yaani anaenda. Anasema kuna kijana. Anauliza darasa: anaitwa nani? Wanampa jina. Anataka nini? Simu, mmoja anajibu. Hapana, simu ni rahisi sana. Anataka punda! Punda wa rangi gani? Wa bluu. Punda wa bluu anapatikana wapi? Na rafiki yake, naye anataka punda ao anataka samaki? Kwa kila swali neno «quiere» linarudi, mara ishirini, mara thelathini, na hakuna mwenye kuhesabu, sababu wote wanangojea kujua kama kijana atampata huyo punda.

Siku inayofuata hadithi ileile iko kwenye karatasi. Wanaisoma. Ukurasa mzima katika lugha ya kigeni, na hakuna neno la kuwashinda, sababu waliutunga wenyewe jana. Kwa kijana wa miaka 15 aliyezoea kuambiwa kwamba hajui, hiyo si jambo dogo.

Halafu inakuja biki. Dakika kumi, hakuna kufuta, hakuna kamusi, hakuna simu. Andika hadithi tena, ao ibadilishe mwisho: punda akatae, punda awe prefe wa shule. Dakika zikiisha, kila mtu anahesabu maneno yake na kuandika namba pembeni pamoja na tarehe. Namba hiyo haiendi kwenye bileti. Mwanafunzi anajilinganisha na yeye mwenyewe wa wiki tatu zilizopita.

Na makosa je? Hapa walimu wanagawanyika, wengine kwa hasira. Upande moja unasema ukiacha makosa yatakauka kama udongo wa tofali. Upande mwingine unasema kijana anayeogopa makosa haandiki. Njia yenye akili zaidi inaonekana kuwa ya wale wanaochagua: kosa moja ao mawili yenye kuzuia maana yanarekebishwa leo, mengine yanangojea. Karatasi inayorudi nyekundu kutoka juu mpaka chini inamfundisha kijana jambo moja tu, aandike kifupi mara ijayo.

Kutoka hapo wanapanda kwenye vitabu vidogo, vyenye kurasa chache na maneno machache yanayorudia, vilivyoandikwa makusudi kwa wenye kujifunza. Kimojawapo kinachojulikana sana ni «Pobre Ana», cha huyo Blaine Ray. Tuseme ukweli: vingi ni hadithi nyepesi, na vingine vimelaumiwa kwa sababu nzuri. Mtoto wa Marekani anaenda Mexico, anaona umaskini, anarudi nyumbani akishukuru kwa vile alivyo navyo. Mwanafunzi ambaye bibi yake anaishi katika kijiji cha namna ile anasoma na kukuta nyumba yao imegeuzwa somo la shukrani kwa watu wengine. Siku hizi vitabu vimeongezeka, na vingine vimeandikwa na walimu waliozaliwa kwenye nchi za Kihispania wenyewe.

Vitabu vinawekwa kwenye rafu, kila mtu anachagua chake, dakika kumi za kimya. Je, inasaidia? Kwa sehemu. Tume ya kitaifa ya kusoma Marekani ilisema katika ripoti yake ya mwaka 2000 kwamba haikupata ushahidi wa kutosha kuthibitisha kwamba kusoma kimyakimya peke yake kunainua kiwango cha wanafunzi. Na mwalimu yeyote anajua kijana anaweza kugeuza kurasa dakika kumi akiwaza mpira. Kwa upande mwingine, huko visiwa vya Fiji, watafiti Elley na Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 kwa kila darasa katika shule za vijijini, na katika ripoti yao ya mwaka 1983 watoto waliovipata walionekana kupita mbali wenzao katika Kiingereza. Wale walikuwa wadogo kuliko wanafunzi wa sekondari, na katika baadhi ya madarasa walimu wao walikuwa wakiwasomea na kuzungumza nao juu ya vitabu. Pengine tofauti iko palepale. Rafu peke yake haifanyi kazi bila mtu mzima mwenye kuuliza: umefika wapi, na huyo mwizi walimkamata?

Mwezi wa Novemba 2022

Mambo hayo yote yalikuwa yakiendelea polepole mpaka ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote, Novemba 2022. Kutafsiri kwa mashine kulikuwepo zamani, Google Translate ni ya mwaka 2006, lakini ile ya kwanza ilijisaliti haraka kwa makosa yake ya ajabu. Hii mpya inaandika Kihispania safi. Mwalimu alipokea karatasi yenye sarufi ya mwaka wa nne kutoka kwa mtoto ambaye jana alishindwa kusema ana miaka mingapi.

Shule zilianza kwa kuwinda. Programu za kukamata wadanganyifu zilinunuliwa, na zilishitaki hata wasio na hatia. Majimbo mengine yalishika simu zenyewe: Florida mwaka 2023 ilipitisha sheria ya kukataza simu wakati wa masomo, na mengine yakafuata. Lakini walimu waliokuwa na zile dakika kumi za biki walikuta hawana mengi ya kubadilisha. Kazi ya nyumbani ikawa kusoma ao kusikiliza. Kuandika kukafanyika darasani, kwa mkono, mbele ya macho. Hapo teknolojia ya juu kabisa imerudisha kaye na biki katika nchi tajiri kabisa, jambo ambalo hakuna mtu alilitazamia.

Hata hivyo, kukataza hakumpi kijana sababu ya kuandika. Kinachompa sababu ni msomaji. Ukimwambia «andika maneno 150 juu ya likizo yako», anajua kwamba atakayesoma ni mtu moja tu, mwenye kutafuta makosa. Kwa hiyo walimu wengi wamegeuza kazi. Wanafunzi wa sekondari wanatunga vitabu vyenye picha kwa watoto wa shule ya msingi wanaosoma kwa lugha mbili, na kwenda kuwasomea. Wanaandikiana barua na darasa la nchi nyingine. Wanaandika juu ya jambo lililotokea shuleni wiki hii, ambalo mashine hailijui, na wenzao wanalijua vizuri kiasi cha kubisha: hapana, haikuwa vile!

Hata mtihani wa kitaifa wa Kihispania wa kiwango cha juu, ule unaoitwa AP, kwa miaka mingi umemwomba mwanafunzi ajibu barua-pepe kwa dakika 15, kisha aandike insha ya kutetea wazo lake akitumia makala, jedwali na sauti aliyosikiliza. Kukariri hablo, hablas hakutoshi mbele ya kazi ya namna hiyo.

Wale wanaoongea lakini hawaandiki

Kuna kundi ambalo kitabu cha kawaida kililisahau: watoto wa jamaa za Mexico, Guatemala, El Salvador ao Jamhuri ya Dominika waliozaliwa Marekani. Kihispania wanacho tangu maziwa ya mama. Wanachekesha nacho, wanagombana nacho, wanasali nacho. Lakini shule yao ilikuwa ya Kiingereza tangu siku ya kwanza, basi kuandika ni shida. Kwa Kihispania «h» haisikiki, na «b» na «v» zinatoka kwa sauti moja, kwa hiyo anaandika «aser» badala ya «hacer», anachanganya «a ver» na «haber». Anakaa darasa moja na mwanafunzi anayejifunza kusema habari ya asubuhi. Anachoka. Na mwalimu akimwambia mbele ya wote kwamba Kihispania chake ni kibaya, ni cha mitaani, anafunga kaye kwa mwaka mzima. Shule nyingi sasa zinawafungulia vijana hao darasa lao, ambapo wanaanza na kile wanachokijua, maneno ya bibi na hadithi za kuvuka mpaka, na maandishi yanakuja juu yake.

Msomaji wa Bukavu ao wa Lubumbashi anaijua hadithi hii bila kuvuka bahari. Kiswahili ni moja kati ya lugha nne za taifa ndani ya Katiba ya mwaka 2006, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za nchi ziwe lugha za kufundishia kwenye shule ya msingi. Pamoja na hayo, kijana anayeongea Kiswahili kutwa nzima anaweza kumaliza sekondari bila kuandika ukurasa moja kwa Kiswahili. Akijaribu, kuna mwenye kumwambia haisemwi «batu», inasemwa «watu», na mazungumzo yanaishia pale.

Kwa Kihispania, mtoto huyu wa Kongo yuko na mali ambayo mara nyingi hakuna aliyemwambia. Kihispania kina vokali tano, a, e, i, o, u, kama Kiswahili, na kwa sehemu kubwa kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto wa Kiingereza anapigana na sauti hizo. Mtoto wa Uvira anazisoma siku ya kwanza. Mtoto wa Kiingereza anashangaa kwa nini «libro rojo» inageuka «libros rojos». Yule aliyekulia ndani ya «kitabu chekundu, vitabu vyekundu» hana cha kushangaa, sifa kufuata jina ni mambo ya nyumbani. Kifaransa kidogo alichokuja nacho kinamfungulia «libro», «tiempo», «escuela». Kinamtegea pia mitego: «largo» maana yake ni refu, si pana, na mtu wa Uhispania akisema yuko «constipado», ana mafua tu. Mwenye kujua Kifaransa atamhurumia kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Kuna jambo lingine ambalo jamaa zingefaa kuuliza. California kwa sheria ya mwaka 2011 ilianzisha muhuri unaowekwa kwenye diploma ya mwanafunzi anayethibitisha kwamba anajua Kiingereza na lugha nyingine, na mpango huo umeenea karibu majimbo yote. Lugha nyingine si lazima iwe Kihispania. Kifaransa kinahesabiwa, na kwa Kiswahili pia kuna jaribio linalokubaliwa mahali pengi. Ila kwa kawaida jaribio linadai kusoma na kuandika, si kuongea tu. Hapo kijana aliyeacha Kiswahili chake kinywani, hakukishusha kamwe kwenye karatasi, anakwama kwenye lugha yake mwenyewe sawasawa na mtoto wa Mexico anavyokwama kwenye yake.

Kuhusu shule za hapa, zenye darasa lililojaa na kitabu moja mkononi mwa mwalimu, vitabu 250 ni ndoto. Lakini hadithi ya punda haidai kitabu. Wanafunzi hamsini wanaweza kuitunga kwa Kiingereza ndani ya nusu saa, ikakopiwa kutoka tabloni, na kaye zikabadilishana mikono kesho yake. Kukopia kuko tayari katika desturi. Kilichopungua ni kukopia kitu ambacho mtoto anataka kujua mwisho wake.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na tarehe 1 Machi mwaka huohuo rais alitia sahihi amri ya kufanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi. Somo la Kihispania halikuondoka kwenye ratiba za shule kwa hiyo amri. Vijana wa Kongo waliofika mbele ya tarehe hizo wako darasani leo. Nani anakaa Kihispania ya wanaoanza, nani anapewa Kifaransa, nani anaambiwa juu ya jaribio la Kiswahili, yote hayo hupangwa na mshauri wa shule siku ya kuandikisha, kwenye fomu, na mara nyingi fomu ina mstari moja tu kwa lugha ya nyumbani.